Mke Si Mgeni

Mwanamke aliyepika kwa miaka thelathini na sita, kisha akala peke yake, hawezi kulaumiwa akivaa dera jipya siku ya kuketi meza moja na mumewe. Mwanapili alivaa dera la samawati lenye maua ya dhahabu kifuani. Akajifukiza udi mle chumbani mwao melini, tena udi wa kweli, mpaka mhudumu akagonga mlango kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Hakikuungua kitu. Alikuwa bibi harusi wa miaka sitini, basi.

Meli yenyewe iliitwa Nuru ya Kusini. Ilikuwa ndogo kwa meli za starehe, abiria mia na ushee, na ilikuwa imeng'oa nanga Mombasa saa tisa alasiri ya Jumatano kuelekea Tanga. Huko wangekaa katika hoteli iliyo juu ya bahari mpaka Jumamosi, kisha warudi. Safari hiyo aliitaka Mwanapili mwenyewe. Aliitaka tangu siku alipokabidhi chaki yake ya mwisho katika shule ya msingi aliyofundisha kule Waa, na akaishikilia kwa meno watu wote walipompinga.

"Wazee wazima mwaenda kuelea baharini?" wifi yake Twaiba alimuuliza mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele wa arusi. "Fungate ya nini na mvi hizo?"

Nassir, mwanawe wa kwanza, alikuja na lugha ya adabu, lakini maana ilikuwa ile ile. "Mama, kama ni kupumzika, si mpumzike nyumbani? Watu wa Mwabungo watasema nini?"

"Watasema mamako ameenda Tanga na mumewe. Wakisema nimeenda na mume wa mtu, njoo uniambie."

Na Kheri, mume mwenyewe, alipoulizwa alijibu kama alivyojibu kila kitu tangu waoane. "Upendavyo, mke wangu."

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kheri alioa akiwa weita katika hoteli moja kubwa ya Diani, akaota mvi akiwa mkuu wa maweita hapo hapo. Aliondoka nyumbani saa sita mchana, akarudi watoto wamelala. Idi alikuwa hotelini. Hata Ramadhani alifuturu kazini, tende mbili na maji nyuma ya jiko, amesimama. Siku zake za mapumziko zilikwenda kwenye misiba na arusi, ambako wanaume hula kwao na wanawake kwao. Mwanapili hakumbuki siku waliyoketi wawili tu, sahani kwa sahani, wakala mpaka wakamaliza.

Na angemlalamikia nani? Wanawake wa Mwabungo walimwonea gere. Kheri hana ukali, hana kelele, hajawahi kurudisha chakula, hajawahi kuuliza kwa nini kanzu haijapigwa pasi. Mume kama huyo utamshtaki wapi? Uende kwa kadhi ukamwambie nini, kwamba ana adabu mno?

Saa kumi na moja walikuwa wamesimama ubavuni mwa meli, nchi kavu iko kuliani kwao. Upepo ulikuwa mzuri. Mwanapili aliusogeza mkono wake kwenye chuma cha ukingo mpaka kidole chake cha mwisho kikagusa cha mumewe. Kheri hakukiondoa chake. Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda pwani, yamekaza.

"Ile pale!" alisema. "Waona lile paa refu la makuti? Ndipo petu pale."

"Naliona."

"Hawajawasha taa za baa. Saa hizi zilipaswa kuwa zimewaka. Nilimwambia yule meneja mpya, nilimwandikia kabisa."

"Baba Nassir."

"Naam?"

"Nitazame mimi."

"Nakutazama."

Alimtazama kweli, kwa muda wa pumzi moja, akatabasamu, kisha shingo ikarudi Diani polepole. Kuna wanawake wanaoletewa mke mwenza wakamjua jina na wakajua nyumba anayokaa. Mke mwenza wa Mwanapili alikuwa na vyumba mia mbili na bwawa la kuogelea.

Alijituliza. Chakula cha jioni hakijafika, alijiambia, na jambo alilonalo moyoni ni la mezani. Kwa siku tisa alikuwa amebeba habari ambayo hakuwa ameitoa. Binti yao Esha, muuguzi huko Doha, alikuwa na mimba ya miezi saba. Alimtaka mama aende akamlelee mtoto ili yeye arudi kazini. Miaka miwili. Karatasi zote zilikuwa tayari, lilibaki jibu tu, na Esha alilitaka Ijumaa. Mwanapili hakutaka kwenda. Alimpenda Esha, na huyo mjukuu alikwisha kumpenda kabla hajazaliwa, lakini alikuwa amemsubiri mwanamume mmoja astaafu kwa muda unaotosha kumlea mtoto akaoa. Ila hakutaka kubaki kwa sababu yeye tu ndiye ameamua. Alitaka azuiwe. Alitaka Kheri amwambie neno moja, usiende, na kama angelitamka hata huku anatafuna, lingemtosha.

Wakaingia chumba cha chakula. Kheri alimvutia kiti. Akakikunjua kitambaa, akamtandikia mapajani bila kukigusa kitambaa zaidi ya ncha mbili. Akammiminia maji kutoka upande wa kulia. Kisha akasimama pale pale, mkono mmoja nyuma ya mgongo.

"Keti," alisema Mwanapili.

"Naketi."

Aliketi kweli, na Mwanapili akafungua kinywa aanze. Ndipo jibaba moja lenye ndevu za kuchanganya mvi lilipotokea na trei juu ya bega.

"Mungu wangu! Mzee Kheri! Ni wewe?"

"Karisa!"

Karisa alikuwa amefunzwa kazi na Kheri miaka ishirini iliyopita. Walipeana mikono, wakapigana mabega, wakaulizana hali za watu kumi ambao Mwanapili hakuwajua. Kisha Karisa akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Leo tumezidiwa, mzee wangu. Maweita wawili wameshikwa na kichefuchefu cha bahari, wamelala chali. Nina meza kumi na nne peke yangu."

Mwanapili aliuona uso wa mumewe ukiwaka. Hakuwa ameuona hivyo tangu astaafu, miezi minane iliyopita.

"Dakika tano tu, mke wangu," alisema Kheri, na alikwisha simama. "Nimsaidie kijana wangu, nakuja."

Dakika tano zikawa supu, kisha zikawa kuku, kisha zikawa matunda. Mwanapili alikula akitazama kitambaa cha mumewe kilichokunjwa vizuri upande wa pili wa meza. Kheri alipita na sahani tatu kwenye mkono mmoja, miaka sitini na mitatu, mgongo umenyooka. Wazungu wa meza ya dirishani walimshangilia. Mwisho alifika na kwenye meza yake mwenyewe, akainama kidogo.

"Nikuletee nini tena, Bi?"

Alikuwa na tabasamu. Mwanapili alilijua tabasamu lile. Alikuwa ameliona kwenye picha ya kalenda ya hoteli. Habari ya Esha akaimeza pamoja na kipande cha mwisho cha papai.

Tanga iliwapokea asubuhi kwa jua na baiskeli. Hoteli yao ilikuwa kando ya bahari huko Raskazone, chumba cha juu, kitanda kipana, roshani yenye viti viwili. Mwanapili alitoka kuoga akakuta Kheri amekwisha tandika kitanda, shuka limevutwa hata mende angeteleza, na juu yake kuna taulo lililokunjwa likawa bata maji mwenye shingo ndefu.

"Kuna watu wanaofanya kazi hiyo hapa, Baba Nassir."

"Najua. Wanaikunja vibaya."

Alasiri hiyo, kwa kuwa roshani haikuwa na meza za kuhudumiwa wala Karisa, Mwanapili akaona hapo ndipo. Kheri alikuwa akimenya chungwa. Ganda lilikuwa likishuka zima zima bila kukatika.

"Esha amenipigia."

"Ehe."

"Ataka niende Doha. Ajifungue nikiwa naye, kisha nibaki na mtoto, yeye arudi hospitali. Miaka miwili."

Kisu hakikusimama. "Miaka miwili," alisema Kheri.

"Karatasi ziko tayari. Ataka jibu kesho."

"Doha kuzuri, wanasema. Ila majumba yao yana baridi ndani. Uchukue sweta."

"Sweta."

"Zile za sufi, si zile za soko la Kona ya Musa. Zile hazidumu."

Mwanapili alimtazama. Alilitazama sikio lake, lile kovu dogo la moto wa jikoni shingoni, na vile vidole virefu alivyovipenda tangu alipoviona vikimpokea kikombe cha kahawa siku ya posa. Akajihisi anadai kitu ambacho hakina jina, kwa mtu ambaye hajawahi kumnyima kitu.

"Na wewe?" aliuliza.

"Mimi?" Kheri aliuliza kama aliyetajiwa mtu asiyemfahamu. "Mimi nipo. Twaiba yuko mlango wa pili. Usinifikirie mimi."

"Nakuuliza wasemaje."

"Nasema upendavyo, mke wangu. Ukipenda kwenda, nenda. Ukipenda kukaa, kaa. Mimi sitakuzuia."

Akalipasua chungwa, akavipanga vipande vyake kwenye sahani vikawa nyota, akamsogezea. Mwanapili alitamani kuirusha ile sahani na nyota yake huko chini. Kilichomzuia ni mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli, asiye na kosa lolote.

"Ahsante," alisema.

"Karibu," alisema Kheri.

Ijumaa baada ya swala waliteremka kula chakula cha mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa familia za mjini, kanzu nyeupe na watoto waliopakwa poda. Mwanapili alikuwa amelala macho wazi, akaamka ameamua. Baada ya chakula angempigia Esha amwambie akate tiketi. Mwanamke hawezi kuomba kuombwa abaki. Kuna mambo mtu akiyaomba yanakuwa sadaka.

Weita wao alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, kibati cha jina kifuani kimeandikwa Rispah. "Karibuni jamani. Bibi, tukuletee nini?"

Kheri alijibu kabla Mwanapili hajavuta pumzi. "Bibi atakula changu wa kukaanga, kichwa kitolewe. Ndimu iwekwe mbali, hapendi ikamuliwe jikoni. Wali mweupe, wa nazi humchoma kifua mchana. Na maji yasiwe baridi."

Yote yalikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliomuuma. Hapakuwa na mtu duniani aliyemjua kama Kheri, na hapakuwa na aliyekaa mbali naye kama Kheri.

"Na wewe mzee?" aliuliza Rispah.

"Mimi chochote kilichobaki jikoni."

"Hakijabaki kitu, mzee wangu, ndiyo kwanza saa saba na nusu!" Rispah alicheka. "Chakula chote kizima bado."

"Agiza, Kheri," alisema Mwanapili.

Alimwita jina lake. Kheri aligutuka. Tangu Nassir azaliwe hakuwa amelisikia jina hilo kinywani mwa mkewe.

"Niletee tu samaki kama wake—"

"La. Menyu hiyo hapo. Isome, utaje kitu kimoja unachokitaka wewe."

Kheri aliichukua menyu. Akaigeuza nyuma na mbele. Akafuta tone la mchuzi kwenye kona yake kwa kidole. "Karatasi yao nzuri. Ila herufi ni ndogo, mzee asiye na miwani hataona."

"Sikukuuliza karatasi."

"Na supu wameiandika chini ya samaki. Supu hutangulia."

"Kheri! Wataka nini?"

Rispah alitazama dari. Kheri aliishika ile menyu kwa mikono miwili, na jasho likamtoka juu ya mdomo, mtu aliyewahi kuhudumia watu mia tatu usiku wa mwaka mpya bila kutoa jasho. Hakuwa akifanya kusudi, Mwanapili aliliona hilo, na hasira yake ikachanganyika na huruma ambayo hakuitaka.

"Mwanapili," alisema mwishowe, polepole, "mimi sijui. Nimezoea kula kilichopo."

Simu ya Mwanapili ikalia juu ya meza. Rispah aliona mwanya, akatoweka. Uso wa Esha ukajaa kwenye kioo, umenenepa kwa mimba, nyuma yake pazia la rangi ya maziwa.

"Shikamoo, Mama. Baba yuko hapo? Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu," walijibu wote wawili.

"Mama, leo ndiyo Ijumaa. Nikate tiketi? Umekwisha mwambia Baba?"

"Nimemwambia jana."

"Alhamdulillahi! Basi sasa aweza kuacha kujifanya hajui."

Kheri alikiinua kikopo cha vijiti vya meno akakihamisha kutoka kushoto kwenda kulia.

"Hajui nini?" aliuliza Mwanapili.

"Mama..." Esha alisita. "Baba hajakwambia? Si yeye ndiye aliyenipigia? Zamani, hata mimba haijawa kubwa. Mimi nilikuwa nimepanga kutafuta yaya hapa hapa. Akaniambia, Esha, mchukue mamako akae nawe, huku yuasononeka. Akanikataza nisiseme kuwa wazo lilitoka kwake. Baba? Nimekosea?"

"Nitakupigia," alisema Mwanapili, akaifunika simu kifudifudi.

Akakumbuka ile sweta ya sufi.

"Umenifukuza," alisema.

"Astaghfirullahi! Mimi?"

"Umenitoa nyumbani kwangu. Umenitoa kwa adabu zako hizo, kimya kimya, ukanitafutia na pa kwenda. Kuna wanaume huwapa wake zao talaka kwa barua, Kheri, lakini wewe umenipeleka Doha kwa mkono wa mwanangu!"

"Sikukufukuza. Nilitaka upate unachokitaka."

"Nani aliyekwambia nataka?"

"Niliona." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kazi yetu ndiyo hiyo, kuona. Mgeni mwenye adabu hasemi kwamba amechoka. Hutazama mlango. Akiutazama mara tatu, mwitie teksi kabla hajaomba. Nimewafunza vijana hivyo miaka yote. Na mimi nimekuona, Mwanapili. Tangu nistaafu, kila jioni waketi barazani na simu mkononi, watazama njia. Kila jioni! Nikasema moyoni, huyu alikuwa na subira nami kwa sababu sikuwapo. Sasa nipo, amechoka. Nikaona ni vyema nikufungulie mlango kuliko kungoja uniombe."

"Na wewe jioni huwa wapi?"

"Matembezi."

"Matembezi ya wapi?"

Kheri alitazama kitambaa. "Pale langoni. Hotelini. Kwa mabawabu."

"Basi unafikiri nilikuwa natazama njia nikimngoja nani?" Sauti ya Mwanapili ilipanda, ikapasuka katikati. "Nilikuwa nakungoja wewe, mjinga wewe! Miaka thelathini na sita natazama njia hiyo nikikungoja wewe, ukastaafu, na bado nakaa nakungoja!"

Meza ya jirani ilinyamaza. Mama mmoja alimfunika mtoto wake masikio, ingawa yeye mwenyewe aliyatega yake.

Kheri alisimama. Alikuwa ameishika glasi ya mkewe, tupu, mkono umekwisha kuelekea kwenye jagi.

"Keti!" alisema Mwanapili. "Weka glasi hiyo! Mimi si mgeni wako! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo walivyosema wazee. Mimi jembe hujanipa mpaka leo. Hujawahi kunikaripia, hujawahi kunikataza, hujawahi hata kuninunia! Najua wewe wampenda nani, Kheri? Najua wachukia nini? Nimelala na mtu miaka yote hii ambaye kila nikimgusa aniambia karibu!"

Kheri aliketi. Midomo ilikuwa ikimtetemeka kama ya mtu anayesoma dua ambayo hakuihifadhi vizuri.

"Wataka niseme nini?" aliuliza.

"Usiniulize useme nini! Hilo ndilo lenyewe! Sitaki uniulize nataka nini, nimechoka kuulizwa!"

Rispah alikuwa amefika na changu kwenye sahani. Akaiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, akaondoka kwa kurudi nyuma. Mvuke ulipanda kati yao. Mwanapili alichukua simu, akaigeuza, akaanza kulitafuta jina la Esha. Alikuwa na uhakika sasa kwamba ataondoka, na uhakika huo ulimtia uchungu ambao hakuwa ameutegemea. Akalipata jina.

"Usiende," alisema Kheri.

Alilisema chini chini, kwa samaki zaidi kuliko kwa mkewe.

"Sikusikia," alisema Mwanapili, ingawa alisikia.

"Nimesema usiende."

"Bado."

"Usiende!" Kiganja cha Kheri kilitua mezani kwa kishindo, maji yakaruka yakamwagika juu ya kitambaa. Mkono wake ulikwenda kuyapangusa, ukafika nusu, akauzuia mwenyewe. "Sitaki uende Doha! Sitaki hata kidogo! Nilipompigia Esha nilikaa bafuni nusu saa baada ya hapo, nimefungulia mfereji watu wasinisikie! Miaka miwili? Mimi nitakaa miaka miwili na Twaiba? Na nani atakayelala upande ule wa ukutani? Sitaki!"

Ukumbi mzima ulikuwa ukiwatazama. Kheri hakuona mtu. Alikuwa ameinama mbele, mvi zimemsimama, macho mekundu, na Mwanapili aliyatazama macho hayo yakimtazama yeye tu, hakuna Diani wala meza kumi na nne. Moyo ulimpiga kama wa msichana aliyeshikwa mkono gizani.

"Mtoto wa Esha lazima nimwendee," alisema, na alijaribu kuifanya sauti iwe ngumu. "Ni mjukuu wangu. Nitamlea Esha arubaini yake, kisha nirudi. Yaya amtafute huko huko."

"Arubaini ni nyingi."

"Ndiyo ada!"

"Najua ndiyo ada. Ni nyingi. Ishirini."

"Kheri, arubaini haigawanywi!"

"Basi nakuja nawe. Nitakaa jikoni kwake, sijali." Alipumua kwa nguvu, kama aliyepandisha gunia darini. Ikaonekana amemaliza. Kisha akainua kidole, akasita, akaamua. "Na kuna jambo jingine."

"Lipi?"

"Mchuzi wako wa papa."

"Umefanya nini mchuzi wangu?"

"Una chumvi."

Mwanapili aliachama. Mchuzi ule alifunzwa na mamake, naye alifunzwa na mamake. Watu walitoka Msambweni kuja kuula. "Tangu lini?"

"Tangu wiki ya arusi."

"Miaka thelathini na sita?"

"Miaka thelathini na sita nakunywa maji usiku, Mwanapili!"

Alikasirika, tena kweli kweli, hasira iliyomjaa mpaka kwenye ncha za masikio. Hapo hapo machozi yakamtoka, akaona kuwa hana haja ya kuyaficha. Akasimama, akakishika kiti chake kwa mgongo, akakiburura kuizunguka meza, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu na watu wote wakisikia, mpaka akakiweka ubavuni mwa mumewe. Akaketi. Goti lake likaligusa la Kheri, akaliacha hapo.

"Haya endelea," alisema. "Nini tena hukipendi?"